Uji, viazi vitamu, mayai au chai na mkate: ulinganisho wa viamshakinywa vya asubuhi yenye haraka

Nyumbani kwetu Mamboleo, pembeni mwa barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega, taa ya jikoni huwashwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, na ifikapo saa kumi na mbili na dakika ishirini mlango huwa umefungwa na kila mtu yuko njiani. Katika dakika hizo 50 watu wanne huoga, sare hupigwa pasi kwa sababu stima ilipotea jana jioni, daftari moja hutafutwa chini ya kochi, na juu ya hayo yote lazima kipatikane chakula kitakachomshikilia mtoto darasani hadi mapumziko ya saa nne na mtu mzima kazini hadi saa saba mchana. Kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa chai na mkate, si kwa kuwa tulikuwa tumeupima mlo huo na kuuona bora, bali kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza. Muhula uliopita niliweka saa juu ya meza ya jikoni na kuanza kupima, wiki baada ya wiki, vyakula ambavyo mkazi wa Kisumu, Kakamega au Nakuru huvipata sokoni pasipo kwenda supamaketi.

Kipimo chenyewe kinahitaji kuelezwa, kwa sababu watu wakisema chakula fulani ni cha haraka hukusudia mambo tofauti. Wengi huhesabu muda wote wa kupika, na kwa hesabu hiyo viazi vitamu, vinavyochemka kwa nusu saa au zaidi, huondolewa mashindanoni mapema. Mimi nilihesabu dakika za asubuhi peke yake, yaani zile ambazo mtu husimama mbele ya jiko huku saa ikimkimbiza. Dakika za jioni, jiko likiwa tayari limewashwa kwa ajili ya ugali na mboga, hazina uchungu kama huo. La pili nililoangalia ni muda ambao chakula hukaa na mtu kabla njaa haijarudi, jambo linalotegemea protini, mafuta na nyuzinyuzi zaidi kuliko ukubwa wa sahani. La tatu ni pesa. Ladha sikuiandikia alama yoyote, kwa kuwa watoto walipiga kura yao kila siku kwa kurudisha sahani tupu au sahani iliyojaa.

Chai na mkate

Chai ya maziwa inayopikwa kwetu, maji, maziwa na majani vikichemka pamoja katika sufuria moja, ilinichukua dakika 11 kwenye jiko la gesi, na dakika hizo haziachwi bila mlinzi, kwa maana maziwa ukiyageuzia kisogo hufurika. Mkate hauhitaji kupikwa, lakini hilo halipunguzi dakika za chai. Kumbe mlo unaosifiwa kwa wepesi humweka mpishi jikoni kwa muda unaokaribia ule wa kupika uji, na kwa muda mrefu zaidi kuliko kupasha viazi vilivyochemshwa jana. Huo ulikuwa ugunduzi wangu wa kwanza, na nakiri kwamba ulinifedhehesha kidogo.

Kwa upande wa lishe, slesi mbili za mkate mweupe hutoa takriban gramu 4 za protini na wanga mwingi uliokobolewa, ambao humeng'enywa upesi. Kikombe cha maziwa matupu cha mililita 250 kina gramu 8 hivi za protini na karibu miligramu 300 za kalsiamu, ila chai si maziwa matupu: nusu yake ni maji, na mwezi ukifika tarehe 25 maji huwa theluthi mbili. Kisha kuna sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, kiasi ambacho kwa mtu mzima ni kama gramu 25 au vijiko 6 vya chai. Anayetia vijiko vitatu kikombeni na kunywa vikombe viwili amemaliza mgao huo kabla jua halijapanda juu ya milima ya Nandi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni madini ya chuma. Viambato vinavyoipa chai rangi na ukali wake hushikana na chuma kitokacho kwenye nafaka, maharagwe na mboga, na vinaweza kupunguza kiasi kinachofyonzwa mwilini kwa zaidi ya nusu. Kwa mwanamume mwenye afya hasara hiyo huenda isionekane. Kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, au kwa mjamzito, inafaa kuhesabiwa. Hakuna anayelazimika kuacha chai, hasa katika nchi inayoilima Kericho na Nandi, lakini ikinywewa saa moja baada ya mlo badala ya pamoja nao, tatizo hupungua sana.

Mkate wenyewe unastahili utetezi mdogo. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na unga wa mahindi unaosagwa viwandani uongezewe vitamini na madini, yakiwemo chuma na asidi ya foliki, kwa hiyo slesi ya leo si wanga mtupu. Mkate wa brauni ni bora zaidi iwapo kiungo cha kwanza kwenye karatasi yake ni unga wa ngano nzima. Vinginevyo huenda unalipia rangi. Mandazi na chapati za kibandani nimeviweka chini ya mkate, si kwa ubaya wa unga bali kwa mafuta, ambayo mnunuzi hajui yamekaangiwa mara ngapi.

Uji

Uji, ambao Waluo huuita nyuka na Waluhya wengi obusera, unahitaji maelezo marefu, kwa kuwa chini ya jina hilo moja mna vyakula vitatu au vinne visivyofanana. Tofauti ya kwanza iko kwenye unga. Gramu 100 za unga wa wimbi huwa na takriban miligramu 350 za kalsiamu, ilhali unga wa mahindi wa uzito huohuo haufiki hata miligramu 20. Kwa mtoto anayekua ambaye maziwa huyaona kwenye chai tu, hiyo ni sababu tosha ya kuchagua wimbi. Protini za unga huo wa aina mbili zinakaribiana, gramu 7 au 8, na peke yake hazitoshi. Hata hivyo, mahindi yana jambo moja la kujivunia: unga wake wa pakiti umeongezewa chuma na vitamini kwa ile sheria ya 2012, ilhali unga tunaosagiwa posho mili, uwe wa mahindi au wa wimbi, kwa kawaida hauongezewi kitu.

Kuna pia unga wa mchanganyiko, unaouzwa kwa majina mengi ya kusifu, ambamo wimbi, mtama, muhogo, soya, njugu, mbegu za mchicha na hata omena hutiwa mfuko mmoja. Nimeutumia na sikuuona ukiushinda unga wa nafaka mbili ulioandaliwa vizuri. Soya isiyokaangwa au kupikwa vya kutosha ina viambato vinavyozuia protini kumeng'enywa, na uji wa dakika chache hauviondoi. Njugu zikisagwa pamoja na nafaka, mafuta yake huchacha na kuuharibu mfuko mzima ndani ya wiki chache. Na omena huufanya uji unuke ziwa, jambo ambalo mtoto wa gredi ya pili hadanganyiki nalo hata kidogo. Mimi husaga wimbi sehemu mbili na mtama sehemu moja, na njugu huzisaga mbali.

Tofauti ya pili ni kati ya uji wa kawaida na uji uliochachushwa. Unga hukorogwa kwa maji ya uvuguvugu ndani ya chombo chenye mfuniko, ukaachwa hadi bakteria wa asidi laktiki waufanye kuwa mchachu, na kijiko cha mchanganyiko uliobaki jana huharakisha kazi. Hapa mahali mtu anapoishi panaingia katika hesabu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa joto, hivyo unga unaolowekwa leo asubuhi huwa tayari kesho alfajiri. Nakuru, iliyo juu kwa mita 1,850 hivi, ina usiku wa baridi, na unga huohuo huko huchukua siku mbili au husogezwa karibu na jiko. Uchachu huo una faida mbili: hupunguza fitati, yaani kiambato cha nafaka kinachoshikilia chuma na zinki visifyonzwe, na huwazuia bakteria wengi waletao maradhi ya tumbo wasistawi. Ila una mtego wake, kwamba ulimi ukihisi ukali mkono hukimbilia bakuli la sukari, na uji mchachu wenye vijiko vinne vya sukari haujaishinda chai yoyote. Asiyetaka kuchachusha anaweza kukamulia ndimu uji ukishaepuliwa, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa na moto huipunguza. Ukwaju, unaopendwa sana huku ziwani, hutia ladha njema lakini vitamini hiyo ndani yake ni haba.

Udhaifu mkubwa wa uji ni maji. Kikombe cha mililita 300 kilichopikwa kwa gramu 30 za unga hutoa kama kilokalori 100 na gramu 2 za protini, na mtoto aliyekunywa hicho peke yake huanza kuuangalia mlango wa darasa saa tatu. Nilijaribu dawa tatu. Kuongeza maziwa mwishoni ndiyo rahisi kuliko zote. Kutia vijiko viwili vikubwa vya njugu zilizosagwa, sawa na gramu 30, huongeza gramu 7 au 8 za protini pamoja na mafuta yanayochelewesha njaa, na ndiyo dawa niliyobaki nayo. Ya tatu ni ya wazee: kijiko cha unga wa kimera, kilekile cha kutengenezea busaa, kikikorogwa katika uji mzito ulioepuliwa na kupoa kidogo huuvunja wanga na kuulegeza uji mbele ya macho yako, hivyo kikombe kimoja hubeba unga karibu maradufu bila kugeuka ugali, kisha uji hurudishwa motoni uchemke tena. Kimera kikitiwa wakati uji unatokota, nguvu yake hufa na hakuna kinachotokea, kama nilivyojifunza asubuhi moja mbele ya mama mkwe.

Njugu zinunuliwe zikiwa nzima, zichambuliwe, na zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwa sababu ndizo hubeba aflatoksini, na kukaanga hakuimalizi sumu hiyo. Ndiyo iliyoua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano ziwe zimesagwa daima, kwa kuwa punje nzima huweza kumkaba mtoto.

Kwa saa, uji uliopikwa asubuhi ulinichukua dakika 13. Ule uliopikwa jioni na kumiminwa ukiwa unatokota ndani ya themosi iliyotangulia kusuuzwa kwa maji ya moto haukunichukua hata dakika moja asubuhi, isipokuwa kutafuta vikombe. Themosi iwe nzuri: uji unapaswa kutoka ukiwa wa moto wa kuunguza ulimi, na ukitoka vuguvugu basi chombo hicho hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa uvuguvugu wa usiku kucha ndio hali inayopendwa na vijidudu.

Viazi vitamu na jamaa zake

Jumapili katika soko la Kibuye mtu hukuta viazi vitamu vimepangwa mafungu mafungu, vingi vikiwa vimeshushwa kutoka Kabondo katika kaunti ya Homa Bay, na tofauti anayopaswa kuiangalia ni rangi ya ndani. Kiazi cheupe na kiazi cha rangi ya chungwa hukaribiana kwa wanga na nyuzinyuzi, lakini kwa vitamini A haviko katika daraja moja. Gramu 100 za kiazi cha chungwa kilichochemshwa hutoa mikrogramu 700 au zaidi za vitamini hiyo, na mahitaji ya mwanamke mzima kwa siku ni mikrogramu 700, ya mwanamume 900. Kiazi cheupe karibu hakina kitu. Kazi ya kuvieneza viazi hivyo Afrika ilikuwa miongoni mwa zilizotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na mmoja wa washindi wanne ni mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, ambaye alihusika kuzalisha aina za Kabode na Vita. Wazee wa kwetu hulalamika kwamba viazi vya chungwa ni chepechepe na havina unga mdomoni. Malalamiko hayo yana ukweli kwa baadhi ya aina, na muuzaji anayevifahamu ataonyesha vile vikavu ukimwuliza.

Vitamini hiyo hufyonzwa vizuri panapokuwa na mafuta kidogo, kwa hiyo kiazi kiliwe pamoja na njugu, parachichi au yai. Hilo linapatana na hitaji lingine, kwani protini ya kiazi kitamu ni gramu 1.5 hivi kwa kila gramu 100, kiasi kidogo mno kumfikisha mtu saa saba. Kiazi peke yake kilinishibisha haraka na kuniacha haraka. Kiazi na yai vilinifikisha hadi mchana bila kufikiria kibanda cha mandazi kilicho chini ya ofisi.

Vikichemshwa jioni na maganda yake, vikachujwa vikauka na kufunikwa kwa kitambaa safi ndani ya kikapu, viazi huwa tayari alfajiri. Mwenye friji anaweza kupika vya siku tatu. Asubuhi huvirudisha katika sufuria yenye vijiko viwili vya maji na mfuniko, dakika 4, moto mdogo. Kuna faida iliyofichika katika utaratibu huo, kwamba wanga uliopikwa ukapoa hubadilika kwa sehemu na kuwa mgumu zaidi kumeng'enywa, hivyo sukari huingia kwenye damu taratibu. Kuchemsha pia ni bora kuliko kuchoma kwa mtu anayechunga sukari, ingawa kiazi kilichochomwa kwenye makaa kina utamu ambao sitaki kuukana.

Nduma ina nyuzinyuzi nyingi zaidi na hukaa tumboni muda mrefu, lakini ni ghali kuliko kiazi, haina protini ya kutajika, na isipoiva vizuri huwasha koo kwa sababu ya chembe za oksalati. Muhogo nimeuweka mwisho wa kundi hili: ni wanga karibu mtupu, na lazima umenywe na kuchemshwa hadi uive kabisa kwa sababu ukiwa mbichi una viambato vinavyotoa sianidi.

Yai dhidi ya smokie

Ulinganisho huu ni wa haki zaidi kuliko yote, kwa kuwa washindani wawili hukaa kwenye toroli moja, nje ya stendi au pembeni mwa lango la ofisi, na muuzaji huwapasulia wote kwa kisu kilekile na kuwatilia kachumbari ileile. Yai kubwa lina gramu 6 za protini iliyo bora, kama kilokalori 70, na vitamini A, kwa bei isiyozidi ya smokie. Smokie ni nyama iliyosindikwa, yenye chumvi nyingi, na mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama ya aina hiyo miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mtu hafi kwa smokie moja ya Ijumaa, lakini anayeila kila asubuhi akiwa amesimama pembeni ya yai hana hoja. Kachumbari ndiyo ya kuchungwa kwa yote mawili, hasa msimu wa mvua, iwapo imekaa juani ndani ya ndoo tangu alfajiri.

Nyumbani yai la kuchemsha halimdai mpishi zaidi ya dakika 2: moja ya kuteleka na moja ya kuepua, kwa kuwa katikati anaoga. Mwenyeji wa Nakuru aongeze muda kidogo. Kwa mwinuko wake maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za selsiasi, Kisumu kwenye nyuzi 96, na yai linaloiva hapa kwa dakika 10 hudai karibu 12 kule. Maharagwe hudai zaidi. Yai la kukaanga na nyanya na vitunguu lilichukua dakika 7 za kusimama. Likikunjwa ndani ya chapati ya jana linakuwa rolex, chakula kilichotoka Uganda na kuvuka Busia hadi mitaa yetu, nacho hushibisha kweli, mradi mafuta ya chapati na mafuta ya yai yasijumlishwe bila kujali. Kasoro ya yai ni moja: halina nyuzinyuzi hata chembe, na ndiyo maana silichukulii kama mlo bali kama nusu ya mlo.

Vinavyobaki

Maziwa lala na ndizi mbivu ndiyo chaguo lisilohitaji moto wala sufuria, na huko Nakuru ambako maziwa ni mengi pengine ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Kikombe kimoja hutoa protini na kalsiamu sawa na maziwa freshi, na hata wale wanaosumbuliwa na maziwa ya kawaida mara nyingi huyavumilia, kwa kuwa sehemu ya sukari yake ya asili imeliwa na bakteria. Maziwa yawe yalichemshwa au kupasteurishwa kabla ya kugandishwa, kwa sababu mabichi huweza kubeba ugonjwa wa bruselosi. Kwa familia kubwa isiyo na friji gharama hupanda haraka.

Oti huiva kwa dakika 5 na nyuzinyuzi zake husaidia kupunguza kolesteroli, lakini pakiti yake ni ghali kuliko wimbi na kwa mtoto haitoi kalsiamu kama ya wimbi. Nafaka za pakiti zenye picha za katuni sikuzipima. Karatasi zake zikisomwa, sukari hutajwa mapema mno. Nyoyo au githeri ya jana ina uwiano mzuri wa mahindi na maharagwe na hushibisha kuliko vyote nilivyovitaja, ila ilale kwenye friji na ipashwe hadi itokote. Bila friji, kwa joto la Kisumu, siishauri.

Kipi kwa nani

Pesa ziligeuza mpangilio nilioutarajia. Katika wiki niliyoandika matumizi, mkate, nusu lita ya maziwa, majani na sukari kwa watu wanne vilinigharimu takriban shilingi 145 kwa asubuhi moja. Kilo moja na nusu ya viazi vitamu na mayai manne, takriban shilingi 135. Uji wa wimbi na mtama pamoja na njugu, takriban shilingi 65. Bei hubadilika kwa msimu, na viazi hupanda pale mvua zinapochelewa, lakini nafasi ya uji kama wa bei nafuu sijaona ikichukuliwa na kingine. Chai na mkate, mlo tunaouita wa watu wa kawaida, ndio uliokuwa ghali kuliko yote matatu na wa kwanza kuruhusu njaa irudi.

Kwa nyumba yenye watoto wa shule na themosi nzuri, ningeanza na uji wenye njugu, kwa sababu unawashinda wengine kwa dakika na kwa pesa kwa pamoja. Kwa mtu mzima anayekaa ofisini hadi mchana, ningechagua kiazi cha chungwa na yai, na kama hana hamu ya kula alfajiri, jambo ambalo ni la kawaida na halihitaji kulazimishwa, viwili hivyo hubebeka katika mkebe bila kumwagika ndani ya matatu na huliwa saa tatu vikiwa baridi bila kupoteza kitu. Mwendeshaji bodaboda anayetoka saa kumi na moja huhitaji nishati zaidi ya mtu wa ofisi, na kwake uji mzito wa kimera pamoja na viazi si mwingi mno. Mwenye kisukari aangalie hata uji wa wimbi, kwa kuwa unga laini uliopikwa na kulegezwa hupandisha sukari upesi kuliko sifa zake zinavyosema, na kwake kimera hakifai kabisa. Kipande kidogo cha nduma au kiazi kilichopoa, yai na mboga za jana vitamfaa zaidi, na kipimo cha damu saa mbili baada ya kula kitamwonyesha ukweli wa mwili wake. Anayeishi peke yake katika chumba kimoja Nyalenda au Kondele, akiwa na jiko moja na bila friji, atapata nafuu kwa kuchemsha mayai mawili wakati anaoga na kuyala na ndizi, kuliko kuanza kupika uji wa mtu mmoja.

Nyumbani kwetu sasa Jumatatu na Jumatano ni uji, Jumanne na Alhamisi ni viazi na mayai, na viazi vyenyewe hutelekwa na binti yangu mkubwa jioni anapoanza kazi zake za shule, kwa kuwa ndiye aliyelalamika zaidi njaa ya saa nne. Ijumaa aliomba turudishiwe chai na mkate. Tumekubali, kwa masharti mawili aliyoyaandika mwenyewe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kabati: kila slesi iwe na parachichi juu yake, na bakuli la sukari lisiletwe mezani.